Falsafa ya Elimu ya Chuo cha Kiingereza na Kichina cha Malacca, 1818–1843

UTANGULIZI

Tunapojadili nafasi ya lugha mbili katika shule moja, sisi tunaoshughulika na lugha za Kiafrika huelekea kuchukua mifano yetu nyumbani, hasa kutoka katika historia ya Kiingereza na Kiswahili. Jambo hilo lina sababu zake. Hata hivyo lina hasara pia, kwa kuwa mtu azoeaye kujitazama katika kioo kimoja huishia kudhani kwamba umbo aonalo ndilo umbo la watu wote. Makala haya yanakusudia kuchunguza mfano wa mbali. Mfano wenyewe ni chuo kilichoanzishwa Malacca, katika rasi ya Malei, mwaka 1818, kwa nia ya kuwafundisha Wachina Kiingereza na kuwafundisha Wazungu Kichina chini ya paa moja.

Chuo hicho kilikuwa kidogo, na umri wake pale Malacca ulikuwa robo karne tu. Kinachotuvuta si ukubwa wake bali fikra iliyokizaa. Shule nyingi za lugha mbili zilizokuja baadaye, katika Asia na hata katika bara letu, zilikuwa na mwelekeo mmoja: mwenyeji alijifunza lugha ya mgeni, naye mgeni alibaki mwalimu tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Waanzilishi wa chuo cha Malacca walitaka jambo jingine. Walitaka kila upande uwe mwalimu, na kila upande uwe mwanafunzi. Hoja yetu ni kwamba falsafa hiyo haikuanguka kwa sababu lugha mbili haziwezi kukaa pamoja. Ilianguka kwa sababu usawa uliotangazwa katika maandishi haukupata nafasi katika darasa, katika mishahara, wala katika soko la kazi. Kwa hiyo tutaeleza kwanza hali ya lugha kabla ya chuo, kisha misingi ya falsafa yenyewe, kisha utekelezaji wake, na mwishowe namna mizani ilivyopinduka.

HALI YA LUGHA KABLA YA CHUO

Katika karne ya 18 Waingereza walikuwa wakinunua chai na hariri kwa wingi katika bandari ya Canton, lakini karibu wote hawakujua Kichina. Biashara iliendeshwa kwa lugha ya mchanganyiko ya bandarini, yenye maneno ya Kiingereza na Kireno yaliyofuata mpangilio wa Kichina. Lugha hiyo ilitosha kupimia mizigo na kuafikiana bei. Haikutosha kwa mashauri mazito.

Serikali ya Qing, kwa upande wake, haikupenda wageni wajifunze lugha ya nchi. Mwaka 1759 mfanyabiashara Mwingereza, James Flint, ambaye alikuwa miongoni mwa wachache waliokijua Kichina, alisafiri kaskazini ili kufikisha malalamiko kwa Mfalme Mkuu. Flint alifungwa kwa muda wa miaka mitatu huko Macao. Mchina aliyemsaidia kuandika ombi hilo, Liu Yabian, aliuawa. Tangu hapo, kumfundisha mgeni Kichina kulikuwa ni kucheza na shingo.

Upungufu huo ulidhihirika mwaka 1793, ujumbe wa Lord Macartney ulipofika katika baraza la Mfalme Mkuu Qianlong. Uingereza nzima haikuwa na mkalimani wa kutegemewa. Ilibidi watafutwe makasisi Wachina waliosomeshwa katika chuo cha Kikatoliki mjini Naples, na maneno ya wajumbe yakawa yanapitia Kilatini kabla ya kufika katika Kichina. Mtu pekee katika msafara aliyeweza kumjibu mfalme kwa maneno machache ya Kichina alikuwa mtoto wa miaka 12, George Thomas Staunton, aliyejifunza njiani kutoka kwa makasisi hao. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa wajuzi wakubwa wa Kichina nchini Uingereza.

Robert Morrison alifika Canton mwezi wa Septemba 1807, akiwa ametumwa na Jumuiya ya Wamisionari ya London. Inasimuliwa kwamba mmoja wa walimu wake wa Kichina alikuwa akitembea na sumu mfukoni, ili akikamatwa ajiue kabla ya kuteswa. Mwaka 1809 Morrison aliajiriwa kuwa mkalimani wa Kampuni ya Kiingereza ya East India, na kazi hiyo ikampa kibali cha kukaa pamoja na mshahara. Matokeo ya juhudi yake ni sarufi ya Kichina iliyochapishwa mwaka 1815, kamusi kubwa ya juzuu sita iliyochapishwa Macao baina ya 1815 na 1823, na tafsiri ya Biblia nzima iliyochapishwa mwaka 1823 kwa kushirikiana na William Milne. Mtu aliyejifunza lugha kwa hofu na maficho namna hii, na aliyejua kwamba mwalimu wake yumo katika hatari kubwa kuliko yeye mwenyewe, hakosi kutamani mahali ambapo lugha hiyo ingeweza kufundishwa mchana kweupe.

NIA YA WAANZILISHI

Mahali hapo palikuwa Malacca. Milne aliwasili Macao mwaka 1813, lakini wakuu wa Kireno hawakumruhusu kukaa. Mwaka 1815 alihamia Malacca, mji wa bandari wenye Wamalei, Wachina, Wahindi, Waarabu, Wareno na Waholanzi, uliokuwa wakati huo chini ya Waingereza. Pamoja naye alikwenda Liang Fa, mchongaji wa vibao vya kupigia chapa. Mwaka huohuo Milne alianza kutoa jarida la kila mwezi kwa Kichina, ambalo wanahistoria wengi hulihesabu kuwa jarida la kwanza la Kichina la mtindo wa kisasa. Kwa hiyo mtambo wa chapa ulitangulia chuo, na jambo hilo, kama tutakavyoona, lina maana.

Jiwe la msingi la chuo liliwekwa tarehe 11 Novemba 1818. Morrison alitoa paundi 1,000 za fedha yake mwenyewe kwa ajili ya jengo. Yeye alibaki Canton akiwa rais wa chuo, na Milne akawa mkuu wake wa kwanza. Kwa Kichina chuo kiliitwa Yinghua Shuyuan. Jina hili lastahili kuangaliwa kwa makini. Ying ni Uingereza na Hua ni Uchina. Lakini shuyuan lilikuwa jina la vyuo vya wenyewe Wachina, mahali ambapo wanazuoni walikusanyika kusoma vitabu vya kale na kujadiliana maadili. Kwa kulichagua neno hilo waanzilishi walidai kwamba chuo chao kilistahili nafasi katika mila ya elimu ya Kichina, na si katika mila ya Ulaya peke yake.

Mpango wa chuo ulisema wazi kwamba shabaha ilikuwa kukuza kwa pamoja elimu ya maandishi ya Kichina na ya Ulaya, kila moja kwa faida ya nyingine, na kueneza dini ya Kikristo. Wanafunzi kutoka Ulaya na Marekani wangepokelewa bila kujali madhehebu yao ya Kikristo, wawe wanataka umisionari, biashara au kazi ya serikali. Vijana Wachina wangefundishwa Kiingereza pamoja na jiografia, historia, hesabu, elimu ya maadili na dini. Kisha mpango uliongeza sharti ambalo lilikuwa la ajabu kwa wakati ule: kijana mwenyeji hakulazimishwa kuikiri dini ya Kikristo, wala kuhudhuria ibada. Angealikwa tu. Tukikumbuka ni mara ngapi, katika shule nyingine za misheni, ubatizo ulikuwa ndio ada ya kuingilia darasani, tutaona uzito wa sharti hili.

MISINGI MITATU YA FALSAFA

Tukiupima mpango huo pamoja na mazoea yaliyofuata, twaweza kutoa misingi mitatu.

Msingi wa kwanza ni kwamba kujifunza lugha ya mwingine ni wajibu wa pande zote mbili. Morrison hakuamini kwamba Mzungu angeweza kuielewa nchi kwa kutegemea mkalimani. Aliona kwamba anayetaka kusikilizwa hana budi kwanza kusikia. Kwa maana hiyo mwanafunzi wa Kizungu pale Malacca alikaa mbele ya mwalimu Mchina, akafuata kalamu yake na kusahihishwa naye. Kukaa huko kulikuwa somo zaidi ya lugha: kulimwonjesha unyonge wa mtu asiyeweza kusema alitakalo, unyonge ambao mwanafunzi Mchina aliuonja kila siku katika darasa la Kiingereza.

Msingi wa pili ni kwamba lugha haitenganishwi na vitabu vyake. Chuo kilikusanya maktaba ya Kichina na ya lugha za Ulaya, na mwanafunzi Mchina hakutakiwa aviache Vitabu Vinne vya mafundisho ya Confucius na wafuasi wake ili apate nafasi ya kusoma Kiingereza. Alivisoma vyote. Hapa falsafa ya Malacca yatofautiana na ile iliyochukulia lugha ya mwenyeji kuwa ngazi tu, ya kupandia darasa la chini na kisha kutupwa. Kichina kilikuwa lugha ya kufundishia na pia kilikuwa elimu yenyewe.

Msingi wa tatu ni kwamba tafsiri ndiyo njia kuu ya kujifunza. Wanafunzi walitafsiri kutoka Kichina kwenda Kiingereza, na kutoka Kiingereza kwenda Kichina. Palipokuwa na mtambo wa chapa jirani na darasa, tafsiri haikuwa zoezi la kutupwa kapuni: ingeweza kuwa kitabu. Mwanafunzi alijua kwamba kosa lake lingesomwa na watu. Mwalimu yeyote wa lugha atakubali kwamba hakuna kichocheo cha umakini kama hicho.

UTEKELEZAJI NA MATATIZO YAKE

Fikra ni jambo moja na darasa ni jambo jingine. Tatizo la kwanza lililojitokeza ni lile tulijualo vema katika historia ya usanifishaji wa Kiswahili: lugha ipi hasa? Wachina wengi wa Malacca walikuwa na asili ya Fujian na walisema Kihokkien. Wengine walikuwa Wakantoni. Familia za Wachina zilizokaa Malacca kwa vizazi kadhaa zilikuwa zimekwisha kuchukua Kimalei kuwa lugha ya nyumbani. Lakini kamusi ya Morrison ilifuata matamshi ya lugha ya maofisa, iliyokuwa na msingi wake Nanjing. Maandishi ya Kichina yaliwaunganisha wote kwa jicho, ila si kwa sikio. Basi kijana wa Malacca aliyeambiwa kwamba anasomeshwa lugha yake mwenyewe huenda alikuwa anajifunza lugha mbili za kigeni kwa wakati mmoja. Si ajabu kwamba Walter Medhurst, aliyefika Malacca mwaka 1817 kushughulikia kazi ya chapa, alikuja kutunga kamusi ya Kihokkien peke yake.

Tatizo la pili lilitoka kwa wazazi na soko. Wazazi wengi Wachina walikuwa wafanyabiashara, nao walikitaka Kiingereza kwa ajili ya hesabu za maduka na kazi za ukarani, hasa baada ya kuanzishwa kwa bandari ya Kiingereza ya Singapore mwaka 1819. Kijana alipopata Kiingereza cha kutosha kuandika barua na kujaza daftari la mizigo, aliondoka. Kwa waanzilishi lugha ilikuwa mlango wa elimu. Kwa mzazi ilikuwa mlango wa mshahara. Hatuwezi kumlaumu mzazi. Yeye aliona wazi kwamba Kiingereza kingi kilimpa mtoto wake kazi, hali Kichina kingi hakikumpa Mwingereza hasara yoyote akikikosa. Wanafunzi wa Kizungu walikuwa wachache sana tangu mwanzo hata mwisho, na ule wajibu wa pande mbili ukaelemea upande mmoja.

Tatizo la tatu lilihusu walimu. Chuo kilikuwa na walimu Wachina, na bila wao kusingekuwa na somo la Kichina. Hata hivyo ukuu wa chuo ulishikwa na Wazungu tu, tangu Milne, aliyefariki mwaka 1822, hadi James Humphreys, David Collie, Samuel Kidd, Jacob Tomlin, John Evans na James Legge. Mwalimu Mchina alikuwa msaidizi wa kuajiriwa. Ujuzi ulikuwa wake, cheo kilikuwa cha mwingine. Kichina kilipewa heshima katika mpango wa chuo, lakini mwenye Kichina hakupewa kiti.

Ukosefu huo wa usawa uliingia hata katika vitabu. Mwaka 1828 ilichapishwa Malacca tafsiri ya Kiingereza ya Vitabu Vinne iliyofanywa na Collie. Ilikuwa kazi kubwa, iliyotokana moja kwa moja na mazoezi ya darasani. Lakini chini ya kurasa Collie aliweka maelezo ya kuwakosoa wanahekima wa Kichina, akitaka mwanafunzi asomapo Kiingereza chake ayaone pia makosa ya wazee wake. Mkono mmoja ulikifungua kitabu na mkono wa pili ulimwonya msomaji asikiamini. Hapa ndipo tunapokutana na mgongano uliokuwa ndani ya falsafa yenyewe: je, mtu aweza kusema kwamba fasihi mbili zinakuzana, na papo hapo akajua kabla ya kusoma ni ipi iliyo na haki?

Ushahidi wa mwenyeji juu ya mambo haya hatuupati kwa Mchina bali kwa Mmalei. Abdullah bin Abdul Kadir, aliyejulikana kwa cheo cha Munshi, yaani mwalimu wa lugha, aliwafundisha wamisionari wa Malacca Kimalei, na yeye akajifunza Kiingereza kwa Milne. Katika kitabu cha maisha yake, Hikayat Abdullah, alichokichapisha mwaka 1849 kwa hati za Kiarabu, alimsifu Milne kwa upole wake. Lakini alimlalamikia mmisionari mwingine ambaye, katika kutafsiri, alishikilia maneno ya Kimalei katika mpangilio wa Kiingereza na hakukubali kusahihishwa. Abdullah aliona kwamba maneno yalikuwa ya Kimalei ila sentensi haikuwa ya Kimalei. Maneno ya mwalimu huyu yangeweza kusemwa na mwanazuoni yeyote wa Mombasa au Unguja aliyewahi kuketi na mgeni mwenye kalamu mkononi. Mgeni ajifunzaye lugha bila kukubali kusahihishwa hajawa mwanafunzi bado.

MATUNDA YA CHUO

Pamoja na kasoro hizo, itakuwa dhuluma kusema kwamba chuo hakikuzaa matunda. Mfano bora ni ule wa Yuan Dehui na William Hunter. Yuan alikuwa Mchina aliyewahi kusoma Kilatini katika seminari ya Kikatoliki ya Penang kabla ya kuja Malacca. Hunter alikuwa kijana Mmarekani aliyepelekwa Malacca katika miaka ya 1825 na 1826 ili ajifunze Kichina kwa ajili ya kampuni ya biashara. Wote wawili walikaa chini ya paa lile lile. Mwaka 1839 Kamishna Lin Zexu alifika Canton kukomesha biashara ya kasumba iliyokuwa ikiletwa na Waingereza, naye alimtumia Yuan kuwa mmoja wa watafsiri wake. Yuan alitafsiri sehemu za kitabu cha Vattel juu ya sheria ya mataifa, na alishughulika na tafsiri ya barua maarufu ya Lin kwa Malkia Victoria. Wanahistoria wanaeleza kwamba Lin, akitaka kuhakikisha kuwa Kiingereza cha barua hiyo kimebeba maana yake, alimwomba Hunter airudishe katika Kichina.

Tukio hili lina maana kubwa. Serikali iliyokuwa ikiwaadhibu watu kwa kumfundisha mgeni lugha, siku ya shida ilimhitaji mtu aliyelelewa na lugha mbili, na ilimhitaji mgeni aliyejifunza ya kwao ili kumpima. Kwa muda mfupi falsafa ya Malacca ilitimia: Mchina kwa Kiingereza chake na Mmarekani kwa Kichina chake walihudumia maandishi mamoja, na kila mmoja alikuwa kipimo cha mwenzake. Kwamba vita vya kasumba vilizuka hata hivyo si kosa la tafsiri. Lugha huwawezesha watu kuelewana. Haiwalazimishi kutendeana haki.

Tunda la pili ni He Jinshan, ajulikanaye pia kama Ho Fuk-tong, aliyesoma Malacca pamoja na Legge na akawa mchungaji na mwandishi wa maelezo ya Maandiko kwa Kichina. Mwanawe, Ho Kai, alikuwa daktari na mwanasheria aliyeshiriki katika kuanzisha chuo cha udaktari cha Hong Kong mwaka 1887, ambako Sun Yat-sen alisoma. Kwa upande wa Uingereza, Samuel Kidd, mkuu wa zamani wa chuo, aliteuliwa mwaka 1837 kuwa profesa wa Kichina katika Chuo Kikuu cha University College, London. Legge naye alitoa tafsiri zake kubwa za vitabu vya kale vya Kichina kuanzia 1861, akisaidiwa kwa muda na mwanazuoni Wang Tao, na mwaka 1876 akawa profesa wa kwanza wa Kichina katika Oxford.

Kuna tunda jingine linalotugusa sisi moja kwa moja. Morrison alipokwenda Uingereza mwaka 1824 alichukua vitabu vya Kichina vipatavyo 10,000. Vitabu hivyo vilikabidhiwa University College, na katika karne ya 20 vikahamishiwa katika chuo cha London cha taaluma za Mashariki na Afrika, SOAS. Katika maktaba hiyohiyo zimo karatasi za William Taylor, ambamo yamehifadhiwa mashairi ya Muyaka bin Haji yaliyokusanywa kwa msaada wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa. Hivyo Kichina cha Canton na Kiswahili cha Mombasa vimekuwa majirani katika rafu za mji wa tatu. Na katika mikusanyo yote miwili, jina lililo juu ya sanduku ni la mgeni aliyefundishwa, hali jina la mwenyeji aliyemfundisha yapasa kutafutwa ndani.

KUPINDUKA KWA MIZANI

Baada ya Mkataba wa Nanking wa mwaka 1842, Uingereza ilitwaa Hong Kong, na mwaka 1843 Legge alikihamishia chuo huko. Sababu ya kukaa Malacca, yaani kuingoja Uchina ifunguke, ilikuwa imekwisha. Lakini pamoja na mahali, nia nayo ilibadilika. Chuo kiligeuzwa kuwa seminari ya kuwaandaa wahubiri, na mwaka 1856 kikafungwa. Jina lake lilifufuliwa Hong Kong mwaka 1914, na shule yenye jina la Ying Wa ipo hadi leo. Falsafa ya kufundishana, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kukonda.

Shule iliyochukua nafasi yake katika fikra za watu ni ile ya Jumuiya ya Elimu ya Morrison, iliyofunguliwa Macao mwaka 1839 na Mmarekani Samuel Robbins Brown na kuhamishiwa Hong Kong mwaka 1842. Huko siku iligawanywa nusu kwa nusu: nusu Kichina, nusu Kiingereza. Kwa saa, usawa ulikuwa kamili. Lakini mkondo ulikuwa mmoja, kwani hapakuwa tena na darasa la Wazungu wajifunzao Kichina. Mwanafunzi maarufu wa shule hiyo, Yung Wing, alipelekwa Marekani na Brown mwaka 1847, na mwaka 1854 akawa Mchina wa kwanza kuhitimu katika chuo kikuu cha nchi hiyo, Yale. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1909 anasimulia jambo linalotia uchungu. Meli iliyokuwa ikimrudisha nyumbani ilipokaribia Hong Kong, rubani Mchina alipanda, na nahodha akamwomba Yung Wing amwulize kama palikuwa na miamba au mafungu ya hatari karibu. Yung Wing hakulikumbuka neno la Kichina. Rubani, aliyejua maneno machache ya Kiingereza, ndiye aliyemkumbusha.

Kisa hiki kifupi chatosha kuwa mtihani wa falsafa yoyote ya elimu ya lugha mbili. Kijana alikuwa na shahada; alikuwa hana neno la kuwaonya watu wa kwao juu ya mwamba. Ni kweli kwamba Yung Wing hakuridhika na hali hiyo. Alikaa chini akajifunza tena Kikantoni, kisha lugha ya maofisa. Na alipofanikiwa kuishawishi serikali kuwapeleka vijana 120 Marekani kuanzia mwaka 1872, walifuatana na walimu wa Kichina ili lugha isipotee. Lakini wakuu wa Peking walikuwa na hofu kwamba vijana hao wanageuka Wamarekani, na mwaka 1881 waliitwa nyumbani kabla wengi hawajamaliza masomo.

Hong Kong kwenyewe, mkuu wa Shule ya Kati ya serikali iliyofunguliwa mwaka 1862, Frederick Stewart, aliendelea kushikilia kwamba mtoto wa Kichina asipewe Kiingereza bila Kichina. Mwaka 1878 mkutano wa elimu ulioitishwa na serikali ya Gavana Hennessy uliamua kwamba shabaha kuu ya shule za serikali iwe ni kufundisha Kiingereza. Kwa uamuzi huo, wazo la kukuzana liliondoka katika siasa ya lugha ya koloni hilo. Kilichobaki ni lugha moja ya kupandia na nyingine ya kuanzia.

HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba chuo cha Malacca kilijengwa juu ya misingi mitatu: kujifunza kwa pande mbili, lugha pamoja na vitabu vyake, na tafsiri kuwa njia ya elimu. Tumeonyesha pia kwamba misingi hiyo ilidhoofishwa na mambo matatu: walimu wenyeji kunyimwa ukuu, soko kuithamini lugha moja tu, na mwenye kutangaza usawa kujiona tangu mwanzo kuwa ndiye mwenye ukweli. La kwanza na la tatu waanzilishi wangeweza kuyarekebisha kama wangetaka. La pili lilihitaji nguvu ya serikali, na serikali ilipokuja, ilikuja kwa mizinga.

Funzo hili halituhusu kwa mbali tu. Kiswahili kimefundishwa katika vyuo vya Peking tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Kichina nacho kilipata taasisi yake katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005. Kwa mara nyingine basi kuna njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Yatupasa kujiuliza maswali ambayo Malacca haikuyajibu. Je, mwalimu wa Kiswahili anayefundisha ugenini ana kiti, au ana kibarua tu? Je, Mkenya ajifunzaye Kichina anasoma vitabu vyake, au anajifunza bei za bidhaa? Je, mgeni ajifunzaye Kiswahili anakubali kusahihishwa?

Wahenga walisema kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mambo ya lugha, mwenyeji hupona pale tu mgeni anapokubali kukaa kitako mbele yake akawa mwanafunzi. Morrison aliliona hilo katika chumba cha siri huko Canton, mbele ya mwalimu aliyekuwa na sumu mfukoni. Alijenga nyumba ili ukweli huo upate pa kukaa. Nyumba ilisimama, aliyepaswa kukalia kiti chake cha mbele hakukaribishwa kukikalia.